Kadi Kumi na Moja za Chumba cha Parachuti

Duka la Turubai na Viti vya Magari,
Nyumba ya tatu baada ya kituo cha mafuta,
S.L.P. 417.

Jumapili, tarehe 8 Juni.

Mpendwa Binamu,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na watoto. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba baridi ya huko bado haijakufundisha kulala na soksi. Vipi mgongo wako? Shemeji bado anakoroma, au umeshamzoea? Mara ya mwisho ulilalamika kwamba watoto wanakujibu kwa lugha ya huko. Usijali. Wa kwangu wananijibu kwa lugha ya hapa hapa na bado siwaelewi.

Sisi hatujambo. Mama yangu, yaani shangazi yako, presha imeshuka na sauti imepanda. Duka linakwenda. Wiki hii nimeshona viti vya basi zima, na kidole changu cha shahada kimevimba kana kwamba kimeumwa na nyuki. Baba yako, yaani Mjomba wangu, naye yupo. Hilo ndilo neno ninaloweza kukuandikia bila kusema uongo: yupo.

Najua unashangaa kupata barua wakati tunaongea kwenye simu kila Jumamosi. Lakini simu yenyewe iko chumbani kwa Mjomba, kwenye kigoda kando ya kitanda chake, na masikio ya Mjomba hayakuzeeka pamoja na mwili. Kwa hiyo kila Jumamosi nimekuambia mambo yanakwenda vizuri. Mambo hayaendi, Binamu. Yamekaa kitako, yamekunja nne. Halafu kuna karatasi ndani ya bahasha hii, na karatasi haipiti kwenye waya. Nimefunga milango ya duka nikuandikie yote, na nakuomba usome ukiwa umekaa.

Kwanza mguu wa Mjomba. Ni ule ule wa kulia. Kidonda cha pajani kimefunguka tena, na picha ya eksirei imeonyesha kwamba chuma walichomwekea zamani kimelegea na mfupa unaoza kukizunguka. Hospitali ya raia hawana mtu wa kuufungua mfupa wa namna hiyo na kuusafisha. Wanaye wa kukata. "Kukata tunaweza hata Alhamisi," daktari aliniambia, kwa furaha ya mtu ambaye kwa mara ya kwanza hana foleni. Hospitali ya jeshi ndiyo yenye bingwa, na wazee waliokuwa vitani hutibiwa pale, ila lazima kila mmoja ajiandikishe upya, na kitabu kinafungwa tarehe 30 mwezi huu. Daktari anasema mguu utavumilia hadi hapo, labda na siku chache za juu. Baada ya hapo ni Alhamisi.

Kujiandikisha kunataka karatasi za utumishi, na uliponiomba nitafute zile za baba yako katika jeshi la anga, niliona ni kazi ya siku mbili. Mtu aliyerusha ndege vitani, akatunguliwa, akavunjika mguu, faili lake si lingekuwa linang'aa? Unakumbuka tulivyokuwa tukiisimulia shuleni. Mimi nilisema tu ndege ilitunguliwa. Wewe ukatia chumvi, ukawasha moto kwenye bawa. Tulipofika darasa la sita, Mjomba alikuwa anaendesha ndege kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili anamfunga mwenzake bandeji. Yeye mwenyewe hakuwahi kusimulia lolote. Tukadhani ni unyenyekevu.

Masijala ya jeshi iko orofa ya chini, mahali ambapo madirisha yamepakwa rangi ili nje kusionekane, au ndani, sijui. Karani wake ni mama wa makamo anayefunga nywele kwa raba za kufungia mafaili. Nilimweleza shida yangu, akachukua rula, akashuka nayo kwenye orodha ya marubani jina baada ya jina.

"Hayupo."

"Angalia tena, mama."

"Baba, marubani wa vita ile walikuwa arobaini na wawili. Nawajua kuliko wajomba zangu. Huyo wako hayumo."

Nikamwomba aangalie waongozaji njia. Hayumo. Mafundi mitambo, mafundi redio, wapakiaji wa mabomu. Siku ya tatu tulikuwa kwenye madereva, na nikaomba tuangalie na wapishi. "Mbona unamshusha cheo kila siku?" akaniuliza. "Ukifika kwa wafagiaji nitakuhurumia." Siku ya nne aliniita kwa kidole. Alikuwa ameshika faili jembamba lenye karatasi tatu. Juu yake pameandikwa Chumba cha Parachuti, Msimamizi wa Zamu.

Binamu, baba yako hakuwahi kurusha ndege hata ya karatasi. Alikuwa mkunja parachuti.

Usinune. Mimi nilinuna kwa niaba yako, palepale kwenye benchi la masijala, kisha nikaanza kujicheka. Miaka ishirini na mitano Mjomba amekuwa akija kukaa dukani kwangu, anavuta mshono wangu kwa ukucha, anasema, "Huu utaachia." Na unaachia. Sikuwahi kujiuliza hata siku moja rubani alijulia wapi mshono. Mwenye macho haambiwi tazama, wanasema. Mimi nina macho mawili na miwani.

Karatasi ya kwanza ilikuwa nzuri: alivyoingia, alivyopanda, sifa ya utulivu wa mikono. Ya pili ndiyo iliyonipoza. Kijana mmoja wa miaka ishirini na moja, msaidizi wa rubani, aliruka kutoka kwenye ndege iliyozimika injini, na parachuti yake haikufunguka. Kila parachuti ilikuwa na kadi ndani ya mfuko wake, na kwenye kadi sahihi ya aliyeikunja. Sahihi ilikuwa ya Mjomba. Baraza la uchunguzi liliandika mistari minne: uzembe katika kukunja, aachishwe jeshi, asipewe haki za askari mstaafu. Karatasi ya tatu ilikuwa ya mguu. "Aliumia kwa kuruka bila idhini, siku nne baada ya ajali." Basi. Hakuna aliyeandika aliruka wapi, wala kwa nini.

Karani alisoma pamoja nami, akafunga faili polepole. Aliniambia mtu wa namna hii haingii kitabuni, labda akate rufaa. Fomu ya rufaa inataka sahihi mbili: ya shahidi aliyekuwepo, na ya askari mwenyewe akitamka kwamba baraza lilikosea. Kisha akaweka rula chini ya jina moja kwenye orodha ya zamu ile. "Huyu yuko hai," akasema. "Ndiye dobi anayenifulia mapazia."

Kwa wenzake wa zamani dobi huyo anaitwa Sindano, na ukimwona hutauliza kwa nini. Shati halimkai mwilini, yeye ndiye anakaa ndani ya shati. Nilimkuta kwenye meza ndefu anakunja mashuka ya hoteli, na mikono yake ilikuwa inakwenda yenyewe huku macho yananitazama mimi. Nilipomwambia ni mpwa wa nani, alizima pasi.

"Mmechelewa sana," akasema. "Nilijua mtakuja. Sikujua mtamtuma mshona viti."

Nikakaa kwenye kapu la nguo chafu, nikasikiliza. Kule chumbani, alisema, sheria zilikuwa chache na hazikuandikwa popote. Anayekunja ndiye anayetia sahihi. Ukianza hutoki mezani mpaka umalize, hata king'ora kilie. Asiyelala haruhusiwi kushika kitambaa. Na mara moja kwa mwezi kila mkunjaji anapandishwa ndege, anaruka na parachuti aliyoikunja mwenyewe. "Hapo hakuna anayekunja huku anapiga soga," Sindano alisema.

Wiki ya ajali mtoto wa Sindano alikuwa amelazwa, mchanga wa miezi miwili, na baba mtu alikuwa na siku tatu hajafumba macho. Mjomba alimwandika likizo. Lakini mkunjaji mwingine hakuwepo, na ndege zilikuwa zinasubiri. Basi mtu aliye likizoni kwenye daftari akasimama mezani, akakunja parachuti kumi na moja, na Mjomba akasimama upande wa pili akimkagua mkunjo kwa mkunjo. Zilipokwisha, Mjomba alichukua kalamu akatia sahihi kadi zote kumi na moja, maana mtu wa likizo hana sahihi.

Siku ya tatu, moja kati ya hizo haikufunguka.

"Ni mkono wangu?" Sindano aliniuliza, kama vile mimi ndiye baraza. "Au ni mlango wa ndege ulioichana? Kitambaa hawakukichunguza. Walimzika nacho."

Baada ya hapo marubani waligoma kubeba parachuti za chumba kile. Kumi zilikuwa bado rafuni, na vita, kama alivyosema Sindano, haikungoji unyooshe nguo. Siku ya nne baada ya ajali Mjomba alichukua moja kati ya zile kumi, akamwomba rubani wa ndege ya mizigo ampandishe, akaruka. Ikafunguka. Akarudishwa kwa pikipiki, akanywa maji, akachukua ya pili. Ikafunguka. Akachukua ya tatu. Nayo ilifunguka vizuri kabisa, ila upepo ukamsukuma hadi kwenye ukingo wa mtaro wa zege kando ya uwanja, na paja likavunjika mara mbili.

"Jioni ile ile marubani walikuja kuchukua saba zilizobaki," Sindano alisema. "Hawakuuliza neno. Zote saba zilirudi salama, na wenyewe."

Nikamuuliza kwa nini alikaa kimya mbele ya baraza. Alinyoosha shuka ambalo lilikuwa limeshanyooka. Mjomba alimwita wodini, mguu ukiwa umening'inizwa juu kwa kamba, akamuuliza mtoto anaendeleaje. Amepata nafuu, afande. "Basi nenda nyumbani, na mdomo ufunge. Hiyo ni amri." Sindano akanitazama. "Nimetii miaka arobaini na tatu. Leo sitii." Akatia sahihi fomu palepale juu ya meza ya kupigia pasi, akakandamiza kalamu hadi karatasi ikatoboka.

Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi, Binamu. Nilikuwa na shahidi, nilikuwa na fomu, na mjomba wangu alikuwa shujaa kuliko yule tuliyemtunga. Nilijiona mtu wa maana. Furaha hiyo niliishi nayo wiki mbili zilizopita, kuanzia Jumanne alasiri hadi Jumatano saa nne asubuhi.

Jumatano nilimleta Sindano. Mjomba alimtazama kutoka viatuni hadi utosini.

"Sindano. Hujanenepa."

"Nimeongeza kilo mbili, afande."

"Umezificha wapi?"

Wakacheka hadi Mjomba akashika paja kwa maumivu. Mama akaleta chai, wakainywa wakiulizana nani amekufa, na orodha ilikuwa ndefu kuliko chai. Kisha nikatoa fomu. Mjomba akavaa miwani, akaisoma mstari kwa mstari, hata yale maandishi madogo ya chini ambayo hayasomwi na mtu.

"Hapa pameandikwa kwamba sikuikunja mimi."

"Hukuikunja, afande."

"Kadi ina sahihi ya nani?"

"Yako, lakini wewe na mimi tunajua..."

"Basi niliikunja mimi."

Sindano akapiga magoti pembeni ya kitanda, mzee wa miaka sabini na moja, magoti yakalia kama kuni. "Nitue huu mzigo, afande. Nimeubeba vya kutosha." Na Mjomba akamjibu kwa upole kabisa, "Huo mzigo ni wangu. Nani alikupa ruhusa ya kuubeba?"

Nimeona watu wakigombania shamba, nimewaona wakigombania urithi, na kwenye basi nimewaona wakigombania kiti cha dirishani. Kugombania kosa sikuwahi kuona. Na kila mmoja alikuwa ameshika upande wake kama shuka. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Mimi nilikuwa na wazee wawili chumbani, na neno likaharibika mara mbili.

Mama hakuvumilia. "Kaka, watakukata mguu!" Mjomba akavua miwani. "Nimeutumia vya kutosha," akasema. Mama akatoka, tukamsikia jikoni akiosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Sindano alipoondoka nilibaki. Nilisema kila nilichojua na vingine nisivyojua. Nikamwambia ni ukaidi. Ndipo akaniambia jambo ambalo hakuna mtu nyumbani aliyewahi kulisikia. Akiwa wodini, kabla baraza halijakaa, alimwandikia barua mama wa yule kijana. Alimwandikia: mimi ndiye niliyekunja, sahihi ni yangu, usimlaumu mwingine. Na yule mama alimjibu.

"Alinilaani vizuri sana," Mjomba alisema, kama mtu anayesifia kazi ya fundi. "Mwanamke aliyesoma. Mwishoni aliandika kwamba sasa ataweza kulala, kwa sababu amepata mtu wa kumchukia. Leo nitie sahihi hapo, nimwambie alikosea mtu? Aanze upya na Sindano? Au aambiwe hakuna ajuaye?"

"Mjomba, yule mama huenda ameshakwenda zamani."

"Huenda. Wewe umeshakuwa mwenyeji wa masijala. Mtafute. Nionyeshe kaburi lake, nitatia sahihi siku hiyo hiyo."

Binamu, nitakuungamia kitu ambacho sitakirudia. Nilitoka pale nikiomba kaburi. Mimi, ninayeogopa hata kupita mbele ya duka la majeneza, nilizunguka siku tatu nikitafuta kifo cha bibi kizee ambaye hajanikosea lolote. Mfa maji haachi kutapatapa, lakini kwa kawaida hatafuti kumzamisha mwingine.

Karani alinipa anwani ya zamani ya ndugu wa marehemu. Kutoka hapo nikatumwa kwa mwenye nyumba, naye akanituma kwa fundi cherehani, naye akanielekeza kwenye ngazi za nyuma ya duka moja la dawa. Mlango ulifunguliwa na binti wa yule bibi kizee, naye ni bibi tayari. Nikasema uongo wa kwanza ulionijia: nimetumwa kupima viti. Nilikuwa na futi ya kupimia shingoni, kwa hiyo uongo ulikuwa na sare.

Yuko hai. Ana miaka tisini na mbili, haoni, na amekaa wima kwenye kiti cha mbao chenye mto uliochakaa. Nikapiga goti, nikaanza kupima mto kweli, huku natafuta pa kuanzia. Ukutani palikuwa na picha ya kijana mwenye kofia ya jeshi la anga. Nikauliza ni nani.

"Mwanangu," akasema. "Aliuawa na mkunja parachuti."

Hakusema vita. Hakusema ndege.

Binti yake akamwambia, "Mama, jamani, mgeni amekuja kwa kazi." Lakini bibi alikuwa ameshaugeuza uso upande wangu.

"Wewe fundi unatembea sana mjini. Hujawahi kumsikia? Alikuwa na mguu mbovu. Sijui kama bado yupo."

Nikajikuta nasema, "Yupo, bibi. Niliwahi kumsikia. Mguu unamsumbua."

"Vizuri," akasema, na akakilegeza kichwa nyuma. "Sitaki afe kabla yangu. Baba wa mwanangu amekufa, rafiki zake wamekufa, mwalimu wake amekufa. Siku hizi ni mimi na yule mtu tu tunaomkumbuka kila siku. Akifa nitabaki na nani?"

Nikaandika vipimo vya mto kwenye kiganja changu. Sentimita arobaini na tano kwa arobaini na tano. Nimeshamshonea na nimempelekea. Sikuweza kufanya kingine.

Nilimweleza Mjomba kila neno. Nilidhani litamvunja. Alifumba macho, nikafikiri amelala. "Kila siku?" akauliza. Nikasema ndivyo alivyosema. Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepokea salamu kutoka kwa ndugu. Mchana ule alikula sahani mbili, mara ya kwanza tangu mwezi wa nne. Mama alifurahi, akaniuliza nimempa dawa gani.

Sasa nifanye nini? Nimefikiria kulichovya dole gumba lake kwenye wino akiwa usingizini. Nilichanganya fomu na karatasi za zahanati nikampa zote pamoja atie sahihi. Alizisaini zote isipokuwa hiyo moja, akanirudishia ikiwa imekunjwa ndogo kama stempu, kingo zimekutana hadi unaweza kujikata. "Mpwa wangu," akasema, "mshono wako ni mbaya, lakini wizi wako ni mbaya zaidi."

Nilirudi kwa karani mikono mitupu. Alinionea huruma, na huruma yake ndiyo imeniletea balaa jipya. Alinionyesha kifungu cha mwisho cha fomu, yale maandishi madogo: "Iwapo askari hawezi kutia sahihi, mtoto wake wa kwanza anaweza kutia kwa niaba yake." Nikamwambia anaweza, ila hataki. Akaniambia katika miaka yake yote ya kazi hakuna ofisa aliyewahi kuuliza "hawezi" ni nini. Ila wanataka wino halisi, hawataki nakala. Na rufaa ikikubaliwa, akaniambia, ofisi inawajibika kuiandikia familia ya marehemu kuwaarifu kwamba matokeo ya zamani yamefutwa. Nikamuuliza kama barua hiyo inaweza kupotea njiani. Akasema barua za kufuta matokeo hazijawahi kupotea. Zinazopotea ni za hundi.

Mtoto wa kwanza ni wewe, Binamu. Na wa mwisho pia.

Fomu imo humu ndani. Sahihi ya Sindano ipo, ndiyo hiyo yenye tundu. Nafasi iliyobaki ni moja. Ukitia sahihi, baba yako atakwenda kwa bingwa na huenda mguu ukapona, na barua ya serikali itapanda zile ngazi za nyuma ya duka la dawa, na binti mtu ataisoma kwa sauti. Usipotia, ni Alhamisi. Kwa umri wake na moyo wake uliochoka, daktari hajaniahidi kwamba ataamka kutoka huko Alhamisi. Nilimuuliza mara mbili. Mara ya pili alianza kutafuta kalamu yake mezani wakati ilikuwa mfukoni.

Usiniulize ningefanya nini. Nimezoea kukutania kwamba wewe ni binti wa mjini usiyejua kuamua hata rangi ya pazia, na leo ningelipa kusahau kwamba niliwahi kusema hivyo. Nimezunguka mji mzima kwa ajili ya karatasi hii, nimejua mengi kuliko niliyotaka, na yote niliyoyajua hayajasogeza mguu ule hata inchi moja. Nilimuuliza Mjomba, kwa kuzunguka, wewe ukijua habari hizi utasemaje. Baadaye akasema, "Mwambie mguu ni wangu." Akageukia ukutani. Kisha akasema tena, bila kugeuka, "Na mwambie asilie mbele ya watoto."

Mama anakusalimu, na anasema umtumie picha ya watoto wakiwa wamesimama, siyo zile za kukaa, anataka kuona urefu. Mke wangu anakusalimu. Sindano, ambaye hujamwona, anakusalimu pia. Kila siku akifunga kazi yake ya udobi huja kukaa kwenye kiti nje ya dirisha la Mjomba, na Mjomba anajifanya hajui kwamba yupo. Msalimie shemeji, wabusu watoto wote wawili. Jumamosi ukipiga simu niulize habari kama kawaida, nami nitakujibu kama kawaida.

Mungu akupe moyo wenye nafasi, na mkono usiotetemeka popote utakapouweka.

Naitia barua hii posta kesho. Inachukua siku tisa kufika kwako, na siku tisa kurudi, kwa hiyo ukiijibu siku ileile itakuwa hapa tarehe 27. Siku tatu unazo za kufikiri. Ya nne itakuwa imeamua yenyewe.

Wako akupendaye, ingawa leo hakuletei zawadi,

Mtoto wa shangazi yako, mshona viti.